Aliyekufa Ghafla kwa Muda Mrefu

"Amekufa tu," nilimwambia binti yangu.

"Tu ni nini, baba?"

Ilikuwa Jumatatu, uji unapoa mezani, sare ya shule imefungwa kifungo kimoja, na mimi nimesimama mbele ya tangi la samaki na kijiko mkononi kama mganga aliyeishiwa dawa. Ndani ya kijiko alikuwamo Boda. Boda ni konokono. Alipewa jina hilo kwa sababu hapakuwa na kitu nyumbani mwetu kilichokwenda polepole kama yeye, na watoto wa Kisumu, wanaovuka barabara katikati ya pikipiki tangu chekechea, wana utani wao. Hatukumnunua. Alikuja amejificha katika mizizi ya gugu maji ambalo shangazi yake mtoto alilichukua ufukweni Dunga kwa kupenda ua lake la zambarau. Ua lilinyauka baada ya siku mbili, mgeni akakaa miezi minne. Alikuwa bapa na mviringo, mdogo kuliko kifungo cha koti, rangi yake ya strungi. Jumapili jioni, kwa ushahidi wa binti yangu, alikuwa mzima. Jumatatu asubuhi alikuwa ndani ya kijiko.

Neno "tu" ni fupi, lakini ni soja wa geti asiyecheka. Tunalitumia kuzuia maswali yasiingie. "Nimechoka tu" maana yake usiniulize nilikuwa wapi. "Ni homa tu" maana yake sitaki kwenda kupimwa. Kwa Boda nilikuwa na tu mbili, ingawa nilitamka moja. Ya kwanza ilisema kwamba kifo chake hakina sababu: amekufa tu. Ya pili, ambayo niliimeza kwa heshima ya mtoto, ilisema kwamba hata kama sababu ipo, haistahili kutafutwa: ni konokono tu. Nimekaa na hizo tu mbili tangu siku ile, kwanza kwa aibu, baadaye kwa udadisi, nami nakuomba, msomaji, tukae nazo pamoja kidogo, maana sidhani kwamba huwa tunazitumia kwa konokono peke yake.

Nilipobanwa nilibadili kauli. "Amekufa ghafla," nikasema, nikidhani nimepiga hatua. Watu wazima tunalipenda neno hili penye kifo. Limo katika matangazo ya tanzia redioni, limo katika salamu za rambirambi, limo mdomoni mwa kila mtu ambaye angependa mazungumzo yaishe. Hebu tulitazame kwa karibu. Ndugu yake wa damu katika Kiswahili ni "kughafilika": kupitiwa, akili kuwa kwingine wakati jambo linatendeka mbele yako. Maneno haya mawili yana shina moja la Kiarabu, na shina hilo halisemi lolote juu ya kasi. Linasema juu ya mtu asiyekuwa na habari. Kwa hiyo anayesema "ghafla" hapimi mwendo wa jambo. Anaungama kwamba lilipokuwa njiani yeye alikuwa akitazama kwingine. Dhoruba ni ya haraka, lakini mvuvi aliyeona mawingu yakijikusanya juu ya milima ya Nandi tangu saa nane mchana hasemi imemjia ghafla. Kutu ni ya polepole kumshinda konokono, na bado siku kitasa kinapokatika mkononi tunasema kimekatika ghafla.

Ikiwa ndivyo, basi anayeuliza kwa nini konokono wa kufugwa hufa ghafla anamuuliza konokono swali ambalo jibu lake liko kwa mwenye tangi.

Lakini sitaki kufika huko kwa mkato. Sababu zipo, na mtoto alikuwa na haki ya kuzisikia. Hapa Nyanza hakuna msiba unaokamilika kabla swali hilo halijazunguka viti vyote chini ya hema: alikufa na nini? Jibu la hospitali hupokelewa vizuri, likawekwa kando kama soda ya mgeni, kisha mazungumzo yakaendelea. Wazee hawakatai kwamba ni malaria. Wanachouliza ni kwa nini malaria ilimpata yeye, mwaka huu, nyumba yake ikiwa imefika kwenye lenta.

Nina rafiki aliyesomea viumbe wa maji baridi, nikampigia. Alianza kuhesabu bila hata kufikiri, kama kondakta anavyotaja vituo. Huenda ni maji ya bomba, kwa sababu klorini inayotukinga sisi na kipindupindu humchoma kiumbe ambaye nyama yake yote iko wazi majini. Huenda ni dawa: tulikuwa tumemtibu samaki mmoja wiki chache nyuma, na dawa kadhaa za samaki zina shaba, nayo shaba kwa konokono ni sumu ya siku nyingi, ilipata kumwagwa kwa makusudi katika mito na mifereji ya nchi nyingi ili kumuua. Huenda ni njaa, kwa kuwa tangi lililosuguliwa likang'aa ni jangwa kwa mla ukungu wa kijani. Huenda chokaa ilikwisha majini. Huenda ni minyoo. Huenda ni uzee, maana jamii yake huhesabu umri kwa miezi. Niliziandika zote sita nyuma ya risiti. Binti yangu akazisoma kwa kidole, akainua macho: "Sasa ni ipi?" Nikamwambia huenda ni zote, kila moja kidogo. Hakuridhika, na nadhani alikuwa na haki.

Sababu, nikijaribu kuieleza kwa uangalifu, ni jambo ambalo lisingalikuwapo, tukio hili lisingalikuwapo. Maana ni kitu kingine. Maana ni mahali ambapo tukio linakwenda kukaa katika maisha ya mtu aliyeliona. Sababu haihitaji shahidi. Konokono aliyekufa Dunga usiku ule ule, chini ya mtumbwi uliofungwa, alikuwa na sababu zake zote, hakupungukiwa hata moja. Je, alikuwa na maana? Kwa tafsiri niliyotoa sasa hivi, hapana, kwa kuwa hakuna aliyemwona. Jibu hilo halinitulizi, nami nitalirudia.

Baada ya wiki moja niliosha lile gamba. Sikuwa na nia yoyote ya falsafa. Lilikuwa linanuka na mtoto hakutaka litupwe. Gamba la konokono hujengwa mdomoni. Kila baada ya siku chache mwenyewe huongeza ukingo mwembamba, akijizungushia nyumba kutoka ndani kwenda nje, hata kile kitovu cha katikati kikawa ndicho chumba alichotoka nacho yaini, na ukingo wa mwisho ukawa ni juzi. Nililiinua dirishani. Mizunguko ya ndani, ile ya ziwani, ilikuwa ya hudhurungi, migumu, yenye mng'ao. Halafu palikuwa na mstari. Ulikuwa mwembamba kama unywele, umelikata gamba kutoka juu hadi chini, kama ule anaochora mwalimu daftarini kutenga muhula na muhula. Baada ya mstari gamba lilikuwa la mtu mwingine: jeupe, lenye ungaunga, jembamba hata likaonyesha kivuli cha kidole changu upande wa pili. Nikaugusa ukingo kwa ukucha. Ulimeguka kama ukoko mkavu wa ugali.

Sikuhitaji kuulizia mstari ule ni wa siku gani. Ni siku aliyoingia kwangu.

Basi kile kifo cha ghafla kilikuwa kimeandikwa. Kiliandikwa kwa miezi minne, kwa mkono wa marehemu mwenyewe, mgongoni mwake, hadharani, mbele ya kiti ninachokalia kusoma gazeti. Hakuna aliyekisoma kwa sababu sote tulikuwa tumeshamsoma Boda mara moja, siku ya kwanza, tulipompa jina. Sijui kama nawe umeona jambo hili: jina likishakaa, jicho hupumzika. Siku hizi katika mazishi yetu hugawiwa kijitabu chenye picha za rangi na historia ya marehemu, na zaidi ya mara moja nimekaa juani nikikifungua nikagundua kwamba jirani niliyempungia mkono miaka kumi alikuwa mwimbaji, au aliwahi kuzika mtoto, au alichukia kiazi. Yote yalikuwapo. Yalikuwa mgongoni mwake.

Kisha binti yangu aliungama. Tulikuwa tukirudi kutoka kanisani. "Baba, hata Ijumaa alikuwa pale pale." Pale pale, kwenye kona ya kioo karibu na mpira wa hewa. Na Alhamisi? Alhamisi hakuwa ametazama. Kwa hiyo ule ushahidi wa Jumapili jioni haukuwa ushahidi, ilikuwa imani. Alimwona mahali alipozoea kumwona, akamhesabu mzima. Simlaumu, maana konokono mwenye afya naye hukaa tuli siku nzima akitaka, na utulivu wa aliyelala haupishani na utulivu wa aliyekufa kwa mtu anayepita akienda kutafuta soksi. Tulichokuwa na uhakika nacho ni saa ya harufu. Saa ya kifo haipo. Labda hata si sahihi kuisemea saa, kwa kiumbe ambaye alikuwa akifa kwa kiasi cha unene wa gamba kila wiki.

Nikitoka sebuleni nikashuka hadi ufukweni, naona mazoea yale yale kwa ukubwa mwingine. Novemba 2022 wafugaji wa samaki wa vizimba upande wa Kisumu waliamka wakakuta ngege wao wanaelea, matumbo juu, tani kwa tani. Neno lililotoka midomoni mwao, na magazetini, ni lile lile. Wataalamu walieleza kwamba oksijeni majini ilikuwa imepungua mno. Nimewahi kusimama karibu na vizimba na ninajua kwamba mtu aliyekopa kununua vifaranga na chakula hana haja ya kuhubiriwa kuhusu kughafilika, sitathubutu. Lakini maji ya ghuba hii yamekuwa yakipokea taka za mji, mbolea ya mashamba na tope la mito tangu kabla hajazaliwa, na hilo nalo ni gamba linaloonyesha kivuli cha kidole.

Au chukua fulu. Wazee wa ufukweni wanawakumbuka samaki hawa wadogo wakiwa wengi hata hakuna aliyewahesabu. Wanasayansi walipojaribu walikadiria aina zipatazo 500 katika ziwa lote, nyingi hazipatikani kwingine duniani. Mbuta, samaki mkubwa anayekula samaki wenzake, aliletwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alikaa kimya takriban miaka ishirini. Ilipofika miaka ya 1980 nyavu zilijaa mbuta, na aina zipatazo 200 za fulu hazikuonekana tena. Ukimuuliza mzee, atakuambia walipotea ghafla. Miaka thelathini ni ghafla? Kwa mtu aliyekuwa anatazama bei ya mbuta, ndiyo.

Sasa swali linalonisumbua zaidi: tunafanya nini hasa tunapofuga? Wengi tungejibu kwamba ni kutunza. Nadhani kutunza huja baadaye, kukija. Kwanza kabisa kufuga ni kumtoa kiumbe mikononi mwa wengi na kumweka mkononi mwa mmoja. Ziwani Boda alikuwa mikononi mwa tope, mafunjo, mvua za Aprili, jua, mto unaoshuka na chembe za mawe ya nchi nzima. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyekuwa akimwaza. Hata waliomwinda, kamongo na mumi na fulu wenye taya, walikuwa sehemu ya mpango usio na mpangaji. Mimi nilipomhamisha niliziajiri kazi hizo zote kwa nafsi yangu, bila kuzijua kwa hesabu wala kwa majina, na mshahara niliojilipa ni furaha ya kumwona akipanda kioo. Msimamizi aliyechukua kazi za ziwa zima hakujua hata kwamba maji yana chokaa.

Kuna samaki mmoja wa ziwa hili ambaye kila nikimkumbuka napata wasiwasi kidogo. Jina lake la kitaalamu ni Astatoreochromis alluaudi. Ndani ya koo lake ana taya nyingine, nene kama jiwe la kusagia, na kazi yake ni kuvunja konokono. Wataalamu wa afya waliwahi kumtia katika mabwawa ya Nyanza kwa matumaini kwamba angetumalizia konokono wa kichocho. Mwaka 1965 Humphry Greenwood, bingwa wa fulu, aliandika juu ya samaki wa jamii hiyo hiyo waliokulia katika matangi, wakilishwa chakula laini. Taya zao za kooni zilikuwa nyepesi. Lile jiwe la kusagia halikujengeka. Hawakuwa wagonjwa, hawakudhulumiwa, walishiba kila siku. Ila hakuna kilichowataka wawe na taya, nazo hazikuja. Bado waliitwa jina lile lile la Kilatini.

Najiuliza basi: yule wa baada ya mstari alikuwa Boda, au alikuwa kitu nilichokitengeneza mimi kwa maji yangu na kukipa jina la aliyetangulia? Unaweza kuniambia kwamba kiumbe ni kimoja tangu yaini hadi kijikoni, na gamba lenyewe ni shahidi, kwa kuwa halikukatika; liliungana mstarini likaendelea. Nakubali. Lakini pia mji huu umejaa watu wenye mstari kama huo. Yupo aliyetoka kijijini Seme au Nyakach akiwa na miaka kumi na sita akaja kukaa kwa mjomba, na ukimtazama vizuri unaona mahali unene ulipobadilika. Naye anaitwa jina lile lile, na tunasema yu mzima kwa sababu yuko pale pale.

Nimeichelewesha tu ya pili. Ni konokono tu. Rafiki yangu, baada ya kumaliza sababu zake sita, aliniuliza swali ambalo lilipaswa kuwa la kwanza: "Ni bapa, au ana ncha?" Bapa, nikasema. Simu ikawa kimya. "Mmemshika kwa mikono mitupu?"

Konokono bapa wa ukingo wa ziwa hili ni wa jamii ya Biomphalaria, na ndiye mwenyeji wa mnyoo wa kichocho cha matumbo. Mnyoo hukua ndani yake, kisha, jua likipanda, humwaga majini vibuu visivyoonekana kwa macho, navyo hupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini dakika chache. Waosha magari wa ufukwe wa Kisumu wanaijua habari hii kwa miili yao: walisimama majini hadi magotini siku nzima, wakatibiwa, wakarudi majini, wakaambukizwa tena, na utafiti juu yao ulichapishwa mwaka 2002 katika jarida la Lancet. Kwa miaka mingi sasa watoto wa shule za ukanda huu wamekuwa wakipewa dawa. Kwa ajili ya konokono huyu kuna fedha, kuna sumu, kuna vitengo vya utafiti. KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba pale Kisian kwenye njia ya Busia, wamemchunguza miaka na miaka. Huyo ndiye aliyekuwa kipenzi cha nyumba yangu. (Mtoto tumempeleka kupimwa. Yuko salama. Nawe ukileta mmea wa ziwani nyumbani, vaa glavu.)

Jambo la ajabu ni hili. Thamani, nikiipima kwa matendo na kuachana na maneno matamu, naiona kuwa ni muda ambao mtu yuko tayari kukaa akikitazama kitu. Kwa kipimo hicho, anayemthamini konokono kuliko wote katika Kisumu si mimi niliyempa jina. Ni mtafiti aliyevaa glavu, anayemweka katika kikopo chenye namba, akamwelekezea taa, akahesabu, akaandika tarehe ya kila aliyekufa. Anamtazama kwa nia ya kuumaliza ugonjwa, na ikibidi konokono naye. Lakini anamtazama. Kwake hakuna anayekufa ghafla, kwa sababu kwake kila siku ina safu yake kwenye jedwali. Mimi nilikuwa na upendo bila macho, yeye ana macho na wala hahitaji upendo, na ikiwa ningekuwa konokono sina hakika ningechagua nyumba ipi.

Rafiki yangu alinipa jambo moja zaidi kabla salio halijaisha. Konokono wa jamii ya Boda wana damu nyekundu. Wengi wa wadudu na konokono damu yao haina rangi hiyo. Hawa wanayo, ina himoglobini kama yetu. Nilimwambia binti yangu jioni ile. Akanyamaza, akatazama kidole chake cha shahada kilichokuwa na plasta. Sikuongeza neno.

Nilikuahidi kurudi kwa yule wa Dunga, aliyekufa bila kuonwa. Ukivuka kutoka Mbita kwenda Rusinga, unakanyaga udongo ambamo Mary Leakey alifukua fuvu la Proconsul, jamaa wa kale wa sokwe, mwaka 1948. Wengi wanakwenda kwa ajili ya habari ya fuvu hilo. Lakini katika matabaka hayo hayo mna konokono, mawe matupu sasa, wa miaka ipatayo milioni 18. Mwaka 1963 Bernard Verdcourt aliwaandikia makala nzima, akawapanga kwa jamii na majina. Ziwa lenyewe ni la juzi mbele yao. Lilikauka likawa nyasi hata miaka kama 15,000 iliyopita, kisha likajaa upya. Konokono wale walikuwapo kabla yake, na wengi wao waliishi nchi kavu, chini ya miti. Magamba yao ni miongoni mwa mashahidi waliowasaidia wataalamu kutambua kwamba Rusinga, ile ya mawe na upepo tunayoijua, iliwahi kuwa na msitu.

Hakuna aliyewaona wakifa. Kwa tafsiri yangu ya mwanzo, vifo vyao havikuwa na maana yoyote, kwa miaka milioni 18, hadi alasiri moja mtu alipoinama. Sasa naona kwamba tafsiri yangu ilikuwa na haraka. Maana haizaliwi na shahidi, inamngoja. Inaweza kungoja muda usioelezeka, ikiwa imekunjwa ndani ya gamba, na isiharibike. Ila nisijidanganye: wale wa Rusinga hawakujenga magamba ili tupate kujua habari za msitu. Waliyajenga ili waishi. Sisi ndio tunaosoma barua ambazo hazikuandikiwa sisi, na tunazisoma vizuri zaidi mwandishi akishakufa, kwa kuwa ndipo anapotulia tukamshika.

Sikutaka kuendelea kusoma hivyo. Nilianza kulisafisha tangi nilirudishe dukani. Nilipokuwa nakwangua kioo cha nyuma, ule upande unaogusa ukuta ambao hakuna anayeutazama, kidole kilipita juu ya kitu laini, kama tone la gundi lililoganda. Nikaleta tochi ya simu. Ndani ya lile tone palikuwa na nukta, zimepangwa kama mbegu za pasheni. Konokono wa jamii hii kila mmoja ni dume na ni jike, na akikosa mwenzi hujitosheleza. Rafiki yangu alicheka sana kwenye simu. Akasema kwamba mnyoo humfanya konokono aache kutaga, kwa hiyo huenda Boda hakuwa naye kabisa, na hata kama angalikuwa naye, mnyoo haupiti yaini. Risiti yangu ikabaki na sababu tano.

Siku nane baadaye walitoka kumi na mmoja, kila mmoja sawa na kichwa cha pini, wanaonekana tu wakipita mbele ya mwanga. Tumetia maganda ya mayai yaliyosagwa, na maji tunayaacha ndooni kwanza. Hawana majina, binti yangu amekataa kuwapa. Ana daftari la kurasa 48, amelipiga mistari kwa rula, safu moja ya tarehe, moja ya idadi, moja ya mahali, moja ya sababu. Asubuhi ya leo wamebaki tisa. Kwa wale wawili ameandika tarehe, ameandika "karibu na mpira wa hewa", na kwenye safu ya sababu ameandika: "Bado natazama."